Mkazi wa Siku Saba

Viza ya dhahabu ya Ureno, iliyoanza mwaka 2012, imemaliza kabisa ubishi wa nani hasa ni mkazi. Kwa miaka mingi kununua nyumba ya euro 500,000 kulitosha kupata kibali cha ukazi. Mwenyewe alitakiwa kuonekana nchini wastani wa siku 7 kwa mwaka, mahudhurio ya mgeni wa harusi. Mwosha vyombo anayeamkia Lisbon siku zote 365 bado anapimwa mapenzi yake kwa nchi, kwenye foleni. Mwaka 2023 njia ya nyumba ilifungwa, kwani wenyeji nao walishaanza kudai pa kulala (tamaa hiyo!). Sasa mchango wa sanaa huanzia euro 250,000, na kwenye maeneo yenye watu wachache hushuka hadi 200,000, ili nako wapate mkazi asiyekuwepo.