Mwongozo kwa Mwenye Kompyuta Inayozimika Bila Kuaga

Umeiunda mwenyewe. Prosesa uliitafuta Kariakoo, RAM ililetwa na mtu aliyetoka Dubai, kadi ya grafiki imepita mikono ya watu usiowajua, na kesi ina taa za kila rangi. Sasa inazimika. Na haizimiki ukiwa umekaa bure. Inazimika ukimalizia kuhariri video ya harusi ya watu, huku bwana harusi akikupigia simu.

Jambo la kwanza: usiguse kitu. Hasa usimruhusu mtaalamu wa mtaa. Kila mtaa unaye, na dawa yake ni moja kwa magonjwa yote: piga Windows upya. Mkaribishe, mpe chai na maandazi, lakini flashi yake ibaki mfukoni. Kama RAM ni mbovu, Windows mpya itapita kwenye RAM hiyohiyo ikiingia, na mafaili yataharibika kabla hujaiona hata picha ya ukutani.

Badala yake nunua daftari. Kila inapozimika andika saa, ulichokuwa unafanya, na namna ilivyozimika. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Ikikata ghafla kama mtu kachomoa waya, anza na umeme. Ikiganda, picha imesimama na sauti inakwaruza, fikiria kadi ya grafiki au RAM. Ikitoa skrini ya bluu, ishike simu upige picha haraka. Tangu 2025 Microsoft wameigeuza kuwa nyeusi kwenye Windows 11, kwa hiyo usisubiri rangi, soma maneno. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR maana yake ni vifaa vyenyewe vinalia, si programu. Ukikosa picha, ingia kwenye folda ya C:\Windows\Minidump, kumbukumbu huhifadhiwa humo. Ila usipoteze usiku na lile kosa namba 41 la Kernel-Power. Linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa vizuri, na hilo umelishuhudia kwa macho yako.

Sasa RAM. Hapa kaa kitako, maana hapa ndipo wengi wanapotapeliwa na furaha yao. Boksi limeandikwa 6000, ukaingia kwenye BIOS ukawasha XMP au EXPO, ile mipangilio ya kuiharakisha RAM, ukalala ukiwa tajiri. Kumbe hiyo 6000 ni mwendo wa kulazimisha. DDR5 ya kawaida huanzia 4800, na kinachozidi hapo kinategemea prosesa yako na madabodi yako vikubali kwa pamoja. Zima hiyo XMP, tumia kompyuta siku chache, uone. Ikitulia, umepata jibu na hukutoa hata shilingi.

Isipotulia, pakua Memtest86+, ni ya bure, iweke kwenye flashi, uiwashie hapo na uiache usiku kucha. Asubuhi usiangalie kama makosa ni mengi au machache. Kosa moja ni kufeli. Hakuna RAM yenye kosa moja tu la kusamehewa, kwa sababu biti hiyo moja siku nyingine itaangukia katikati ya faili la mteja. Ikifeli, chomoa zote, jaribu kijiti kimoja kimoja, halafu hamisha tundu, maana mara nyingine kijiti ni kizima na tundu ndilo bovu. Na kama una vijiti viwili, fungua kitabu cha madabodi. Mara nyingi vinatakiwa tundu la pili na la nne kutoka kwenye prosesa, si pale palipo karibu na mkono wako.

Pawa saplai ni sura yake peke yake. Watu wananunua kadi ya grafiki kwa mkopo, halafu pawa saplai wanachukua ile iliyokuja bure na kesi. Kadi za kisasa huvuta umeme kwa kushtukia, kwa sekunde isiyofika hata moja, na pawa saplai dhaifu hukata papo hapo. Kabla hujailaumu, fuata waya mpaka ukutani. Kama kompyuta, friji na pasi vinagombania ekstensheni moja, hujafanya uchunguzi wowote bado. Ichomeke peke yake. Andika kwenye daftari friji ilipowaka na taa zilipofifia, ulinganishe na saa za kuzimika. Bonyeza ile plagi kubwa ya pini 24 mpaka usikie klipu inalia. Lakini pawa saplai yenyewe usiifungue, hata ukiwa na bisibisi nzuri. Kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomolewa, na hapo hatutanii.

Joto nitalipitia haraka. Prosesa za sasa hupunguza mwendo kwanza kabla ya kuzima, kwa hiyo joto huonekana mapema. Pakua HWiNFO usome. Safisha vumbi, hakikisha feni hazipuliziani uso kwa uso, na ungoe kile kinailoni chini ya kifaa cha kupoza prosesa. Ndiyo, kile kilichoandikwa utoe kabla ya kufunga.

Kuna wakati hutakuwa na kosa lolote. Baadhi ya prosesa za Intel za kompyuta za mezani, kizazi cha 13 na cha 14, zilikuwa zikiangusha michezo na kuandika kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imeisha. Ujumbe ulinyooshea kidole kadi, ugonjwa ukiwa kwenye prosesa iliyokuwa inapewa volti za kupita kiasi. Mwaka 2024 Intel wakakiri, Agosti wakatoa maikrokodi 0x129 kupitia BIOS, na wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Maikrokodi hiyo inapunguza hatari, haiponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Ukiwa na prosesa ya namna hiyo, sasisha BIOS leo, na kama bado inaanguka, tafuta risiti.

Katika yote haya, badilisha kitu kimoja tu, kisha tumia kompyuta, kisha andika. Ukibadilisha RAM, waya na draiva jioni moja na tatizo likaisha, hujui kilichoponya. Likirudi mwezi ujao, utaanza upya na mfuko mtupu.

Na ile RAM iliyofeli usiipeleke sokoni. Iandike MBOVU kwa kalamu isiyofutika, au ivunje kabisa. Kuna kijana anadunduliza kuunda kompyuta yake ya kwanza, na akiuziwa hiyo, mtaalamu wa mtaa atampigia Windows mpaka achoke.