Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mazingira, Juu ya Chupa Isiyojua Njia ya Kurudi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mazingira,
Ofisi ya Makamu wa Rais,
Dodoma.

Waheshimiwa,

Sisi wakulima wa Kaisho, tulio katika pembe ya mwisho ya nchi, ndani ya wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ambako mto Kagera hututenga na Rwanda upande mmoja na Uganda upande wa pili, tumeona ni wajibu wetu kuwashukuru kwa elimu inayotolewa mara kwa mara juu ya israfu na madhara yake. Elimu ambayo aghalabu hutufikia ikiwa imepakiwa katika gari lenye kiyoyozi, pamoja na katoni za maji ya chupa, na bango la plastiki lililochapwa tarehe ya siku ile ile kwa wino usiofutika, ili lisije likatumika tena siku nyingine yoyote hata kiama.

Msidhani twasema kwa dhihaka. Bango hilo lina fadhila kubwa kwetu. Semina ikiisha, na wageni wakishatia saini karatasi ya posho, sisi hulikunjua juani tukaanikia kahawa, nalo huwa turubai imara kuliko tunayonunua sokoni. Na apitaye njiani, akiwa na macho mazuri, huweza kusoma kati ya buni zinazogeuka kutoka wekundu kwenda weusi kwamba taka ni mali. Hatuna shaka kwamba ndiyo maana halisi ya maneno hayo, ingawa mwandishi wake hakuikusudia.

Tumefundishwa kupunguza matumizi, kutumia kitu zaidi ya mara moja, na kurudisha ardhini kilichotoka ardhini. Tuliyasikiliza hayo kwa adabu, kama mzee asikilizavyo mjukuu anapomweleza namna ya kushika jembe. Kwani katika kibanja cha Mnyambo, mwenyeji wa huku kwetu, ambamo mgomba na mbuni hukaa pamoja na maharage chini yao, hapajapata kuwapo kitu kiitwacho taka. Mgomba ukizaa, ndizi huliwa, na maganda yake hupewa mbuzi au ng'ombe. Jani bichi hufunika chungu, huwa sahani ya karamu, na mvua ikimkuta mtu njiani huwa mwavuli. Jani kavu hutandazwa shambani kuulinda unyevu. Gome hutoa kamba ya kufungia kuni na mizigo. Na shina, baada ya kutoa yote hayo, hukatwakatwa likalazwa pale pale liliposimama, lilishe watoto wake. Ndizi mbivu zikikamuliwa kwa nyasi ili kupata rubisi, nyasi zile nazo hurudi shambani. Samadi hurudi, na majivu hurudi. Hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, waliokuja Karagwe wakashirikiana na shirika la MAVUNO katika mradi walioupa jina la CaSa, walipotaka kuuponya udongo wetu uliochoka hawakuleta dawa ndani ya pipa. Walichukua majivu, vumbi la mkaa, mabaki ya jikoni na hata kile kitokacho chooni, baada ya kukiulia vijidudu kwa joto, wakafanya mboji, wakapima, wakaandika vitabu. Twawaheshimu kwa hilo, maana walikuwa na insafu ya kuanza na vitu walivyovikuta.

Basi katika kibanja hiki, Waheshimiwa, kitu kimoja tu huingia kikakataa kuwa udongo, nacho ni kile kilichobuniwa na mtu asiyewahi kukiona kibanja.

Tunakiri kwamba hamkulala. Tarehe 1 Juni 2019 mliupiga marufuku mfuko wa plastiki, ule tuliouita rambo, na mkamwekea mchukuzi wake faini isiyopungua shilingi 30,000 wala kuzidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Kabla ya hapo, tarehe 1 Machi 2017, serikali ilizima viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyokuwa vimetapakaa njiani kama majani makavu, na vikatoweka kwa namna iliyowastaajabisha hata walevi. Hapa ndipo tulipopata elimu isiyotolewa na semina yoyote. Vipakiti havikutoweka kwa sababu mnywaji wa Kaisho aliongoka, wala kwa sababu alihudhuria mafunzo ya siku mbili. Vilitoweka kwa sababu mtengenezaji aliambiwa asivitengeneze. Rambo nayo, ambayo ingali ikichungulia kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka wa Murongo, ambako Waganda huiita kaveera na ambako amri ya kuikomesha iliyotangazwa mwaka 2009 imezeeka bila kuoa, haionekani tena katika kila duka kama zamani, kwa kuwa ilifungiwa mlango wa kiwanda. Dola ikitaka, yaweza.

Kwa hiyo twauliza, tukiwa tumevua kofia: mlipoufunga mlango huo, kwa nini chupa ya plastiki iliachwa ipite huku ikipigiwa saluti?

Wenye umri wetu twakumbuka ilivyokuwa soda. Ilikuja katika chupa ya kioo, ndani ya kreti. Mtu aliinywa amesimama dukani, akairudisha. Na kama alitaka kwenda nayo nyumbani, aliacha amana ya chupa mkononi mwa mwenye duka, ambaye hakumwamini hata shemeji yake katika jambo hilo. Watoto waliokota chupa zilizosahauliwa harusini wakapata fedha ya peremende. Lori lililopanda mlima na kreti zilizojaa lilishuka na kreti tupu, hadi kiwandani Mwanza, ambako chupa zilioshwa zikajazwa tena, mara nyingi mno, mpaka kingo zao zikaparara na kuwa nyeupe. Hapakuwa na afisa wa kusimamia mpango huo, wala kaulimbiu, wala siku yake ya kuadhimishwa. Ulikuwa umetiwa ndani ya chupa yenyewe tangu siku ilipobuniwa: aliyeichora alijua itarudi, na akaifanya nzito na ngumu ili iweze kurudi.

Kisha akaja mbunifu mwingine, mwenye elimu kubwa zaidi, akagundua kwamba njia ya kurudi ni gharama, akaifuta. Chupa mpya ni nyepesi, haivunjiki, haidai amana, wala haimlazimu mwenye kiwanda kuikumbuka ikishatoka getini. Kwa lugha ya dukani twaiita teka wei, maana huchukuliwa. Kurejeshwa hakumo katika jina wala katika nia yake. Gharama iliyookolewa kiwandani haikupotea, ila ilihamia kwetu, na sisi hatukualikwa katika majilisi ilipopigiwa kura.

Natija yake ni jambo la shani, nalo twaliwasilisha kwenu mlitafakari. Bia bado huja kwa kioo, na kreti zake bado hurudi. Hivyo mtu anayelewa baa hadi saa nane za usiku, akawaacha watoto wake bila karo, huondoka pasipo kuacha taka yoyote duniani, isipokuwa yeye mwenyewe. Ilhali mlokole atokaye ibadani na chupa yake ya maji safi, aliyejinyima kila kileo, ndiye anayelichafua bonde. Kama mwataka kumtunuku Mhifadhi Bora wa Mazingira wa wilaya yetu, tutawaonyesha alipolala.

Mtasema, na wataalamu wenu wamekwisha kusema, kwamba chupa ya plastiki ni mali, kwamba huokotwa ikauzwa kwa kilo, ikasagwa, ikafanywa kitu kingine. Huko Dar es Salaam ndivyo ilivyo, na vijana wa magunia wanaozunguka tangu alfajiri wamelitendea jiji hilo ihsani kuliko mikutano mingi. Lakini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa kwetu methali hiyo imegeuka kuwa hesabu ya biashara. Chupa tupu ni usufi: hujaza lori na haijazi mizani. Mfanyabiashara wa chakavu akipiga hesabu ya mafuta kutoka Kaisho hadi kwenye mashine ya kusagia, huona kwamba anasafirisha hewa, naye hana kosa kuibakiza hewa hiyo ilipo. Tunazitumia tuwezavyo. Zinawekewa maziwa, asali, mafuta ya taa, mbegu za maharage. Hakuna nyumba isiyokuwa nazo kumi nyuma ya mlango. Ila mtu hawezi kuwa na mbegu nyingi kama kiwanda kilivyo na chupa.

Zinazobaki hukusanywa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ambayo tunaiadhimisha kwa utiifu wote. Tunafagia. Tunazoa. Tunazitia shimoni nyuma ya migomba, na kwa kuwa lori la taka halijulikani huku hata kwa sura, tunazichoma. Moshi hupanda mweusi, huingia nyumba kwa nyumba, na mtendaji huandika katika ripoti kwamba eneo ni safi. Zile zinazoponyoka hubebwa na mvua hadi Kagera, na Kagera huzipeleka Ziwa Victoria bila kuuliza pasi, na toka hapo, kama bwawa la Jinja halikuzizuia, ni Nile hiyo hadi Misri, mbali kuliko afikavyo yeyote katika sisi.

Tungependa pia kugusia, kwa upole, kampeni za kupanda miti. Miche huja katika viriba vya plastiki nyeusi. Siku ya sherehe kiriba huchanwa, mche huingia shimoni, picha hupigwa, na viriba hubaki kandokando ya shimo kama nguo za mtu aliyekimbia. Mama zetu waliotesha miche katika magome ya mgomba yaliyokunjwa, ambayo huzikwa pamoja na mche yakawa chakula chake. Hilo tumelitaja kwa kupita tu, tusije tukaonekana tunamfundisha mwalimu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo ni kazi nzuri na tunaiheshimu, inatamka kwamba mchafuzi ndiye mlipaji. Ni sheria hiyo hiyo inayozikabidhi halmashauri dhima ya taka ngumu. Tukiyaweka mawili hayo pamoja, na tukitazama ni nani hulipa kwa kweli, twafikia hitimisho kwamba mchafuzi ni Halmashauri ya Kyerwa, ambayo haijapata kutengeneza chupa hata moja. Ama ni sisi, tunaolipa kwa mapafu.

Iwapo mambo yamekusudiwa yawe hivyo, basi yafanywe kwa utaratibu. Mwaka 2019 Ibanda-Kyerwa ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ikawekewa mipaka, vigingi na askari. Twaomba nasi Kaisho itangazwe katika Gazeti la Serikali kuwa Hifadhi ya Taifa ya Chupa, maana kiumbe huyu anastahili: hafi, hawindwi, haugui, na huzaliana kila wiki kwa kadiri lori lifikavyo. Watalii watalipa kiingilio. Na kama hilo ni zito, tupeni idhini tuzirudishe kwa njia ya Posta, kila chupa kwa anwani iliyochapwa ubavuni mwake, ada akitozwa mpokeaji. Tumekwisha kuhakikisha kwamba anwani hizo zinasomeka vizuri, jambo ambalo twamshukuru mbunifu kwalo.

La, kama mtaona maombi hayo yana ukosefu wa staha, lipo la tatu, ambalo halina kichekesho ndani yake. Nchini Ujerumani, wanakotoka wale waliokuja kupima majivu yetu, tangu mwaka 2003 chupa na makopo ya kutumika mara moja hutozwa amana, ambayo leo ni senti 25 za yuro, na mnunuzi hurudishiwa fedha yake anapovirudisha dukani. Hawakuvumbua lolote tusilolijua; walichofanya ni kuipa plastiki adabu ileile ambayo kioo kilikuwa nayo katika kaunta za Kaisho. Itungiwe kanuni, basi, kwamba kila chupa ya plastiki ya soda na maji iuzwayo Tanzania iwe na amana iliyochapwa juu yake. Kwamba kila duka liuzalo chupa hiyo lipokee ikiwa tupu na kurudisha fedha. Kwamba lori liletalo lisiruhusiwe kushuka mlima tupu. Na kwamba gharama ya safari hiyo aibebe aliyeifuta njia ya kurudi. Mliweza kwa viroba mwaka 2017 na kwa rambo mwaka 2019. Leteni kanuni hiyo Bungeni au muitangaze kwa tangazo la waziri, sisi ni radhi kwa vyote viwili. Na mpaka itakapotangazwa, tafadhalini msitutumie semina nyingine.

Ni sisi watiifu wenu,
Wakulima wa ndizi na kahawa,
Kaisho, Kyerwa.