Sayari Isiyo na Ploti

Kuna watu wanaodhani kuchora bahari ni kazi ya mtoto. Unamwaga bluu, unafunga kompyuta, unaenda kulala. Wengi wa watu hao wanaishi hapa Ngoliba, na wote wana namba yangu ya simu.

Kazi inayonilisha ni kutengeneza vijitabu vya mazishi, kadi za harusi na mabango ya wagombea udiwani. Wagombea wakishinda hawapokei simu. Wakishindwa, huna moyo wa kuwapigia. Usiku ndio wangu. Stima ikikubali, nafungua Krita, programu ya kuchorea isiyolipiwa, natoa kalamu ya dijitali ambayo ncha yake imelika upande mmoja, nachora sayari. Ni sayari ya kubuni, iliyofunikwa na maji kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini. Haina bara. Haina kisiwa. Haina hata jiwe la ndege kutua akajikuna.

Hapo ndipo vita vilipoanzia, kwa sababu huku Kiambu huwezi kumwonyesha mtu dunia isiyo na ardhi akanyamaza. Shika barabara ya Garissa kutoka Makongeni mpaka uuone mlima Kilimambogo vizuri, usome mabango njiani. Futi hamsini kwa mia. Hatimiliki tayari. Maji na stima vipo karibu. Dakika tano kutoka kwenye lami, dakika ambazo nadhani zilipimwa kwa helikopta. Mtu aliyekulia kati ya mabango hayo, ukimpa picha ya sayari nzima, jicho lake halitafuti uzuri. Linatafuta bikoni.

Mama watoto alipoiona alisimama nyuma yangu, mwiko mkononi. "Watu wanakaa wapi?" Nikamwambia hakuna watu. "Sasa unamchorea nani?" Tumeishi pamoja miaka mingi na bado anajua kuniuliza swali ambalo jibu lake litanilaza njaa. Nikasema ni sanaa. Akarudi jikoni, na kutoka huko nikasikia sufuria ikifunikwa kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Baba mkwe ndiye aliyenimaliza. Alikuja kutuona, akakaribishwa chai, akaonyeshwa picha na wajukuu wake, ambao ni wachongezi wa kuzaliwa. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Huko ekari ni pesa ngapi?"

"Huko hakuna ekari, Baba."

"Hata nusu?"

"Hata robo, Baba. Ni maji matupu."

Akanitazama kwa huruma ya mzee aliyepokea mahari kidogo akanyamaza. "Kijana wangu," akasema, "hiyo si dunia. Hiyo ni hasara."

Nilijitahidi kumweleza kwamba hizi si ndoto za fundi wa vijitabu vya mazishi aliyekosa usingizi. Mwaka wa 2009 wanaastronomia waligundua sayari inayozunguka nyota ndogo nyekundu, umbali wa miaka ya nuru kama 48 kutoka hapa. Upana wake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya upana wa dunia, lakini kwa mwili huo ni nyepesi mno, haiwezi kuwa mwamba mtupu. Wengine wakakisia kwamba ina maji, tena ya kupita kiasi. Kwa miaka mingi iliitwa GJ 1214 b, jina linalofaa gari la serikali. Kisha Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukaandaa shindano la majina, kikundi kutoka Kenya kikapeleka pendekezo, na mwaka wa 2023 likapita. Nyota ikaitwa Orkaria, sayari ikaitwa Enaiposha, maneno ya Kimaa yote mawili, la pili likiwa ndilo lililotupa Naivasha. Yaani huko angani kuna sayari iliyodhaniwa kuwa ya maji, na jina lake limetoka nyumbani.

Niliamini habari hiyo ingewanyamazisha wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Pale kwa kinyozi mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, povu likimkaukia kidevuni, kisha akauliza: "Kama jina ni la Kimaasai, ofisi yake ya ardhi iko Narok au Kajiado?"

Wakaulizana kama ni mbali na lami. Nikawapigia hesabu. Matatu ikienda kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao sheria inaujua na dereva wa huku haujui, bila kusimama kupakia hata abiria mmoja, itafika baada ya miaka kama milioni 650. Nuru yenyewe inayotufikia leo kutoka Orkaria iliondoka huko karibu na wakati Mzee Jomo Kenyatta alipoaga dunia, mwaka wa 1978. Baba mkwe alipoelezwa hivyo alitulia kwa mara ya kwanza. Akahema. "Wakati huo," akasema, "ungepata shamba Ngoliba kwa ng'ombe mmoja na blanketi." Alasiri yote iliyobaki alikuwa na huzuni, na huzuni hiyo haikuwa ya nyota.

Wanaastronomia nao nina kesi nao. Mteja wa kijitabu cha mazishi anaweza kubadilisha jina la shangazi usiku wa kuamkia maziko, na hilo nimelizoea. Hawa wanabadilisha sayari nzima. Mwaka wa 2014 wakasema darubini ya Hubble imeona mawingu mazito yasiyopenyeka. Mwaka wa 2023 darubini ya James Webb ikapima joto lake: nyuzi 279 upande wa mchana, na upande wa usiku, ambako ndiko baridi, zaidi ya nyuzi 160. Bahari ya kupigia mbizi hapo sahau. Ukiachilia joto, mwaka wa Enaiposha ni wa saa kama 38 tu. Hebu fikiria karo ya mihula mitatu ndani ya saa 38. Fikiria mwenye nyumba anayepandisha kodi kila mwaka mpya. Nikaona heri nichore sayari yangu mwenyewe, nikaisogeza mbali na jiko.

Lakini ukishakuwa na sayari yako, lazima uipake rangi, na hapo ndipo kila mpita njia anageuka kuwa mwalimu. "Bahari ni bluu," wananiambia, watu ambao wengine mara ya mwisho kuiona Mombasa ilikuwa kwenye kalenda. Maji humeza nuru nyekundu na kuturudishia ile ya bluu, sawa. Sasa nyota yangu ni nyekundu na bluu yake ni ya kuomba. Bahari chini ya taa hiyo itakuwa nyeusi, nyeusi iliyokolea, na mahali pamoja tu, pale nyota inapojitazama majini, patakuwa na doa la rangi ya chungwa. Na kwa kuwa sayari iliyo karibu na nyota ndogo huelekea kuigeuzia uso mmoja daima, doa hilo halisogei. Hakuna macheo wala machweo. Nimetumia leya moja kwa weusi, nyingine kwa doa, na nyingine nyingi kwa mawingu, maana mawingu ndiyo yanayokula umri wa mtu.

Duniani kimbunga kikigusa bara huanza kufa, kwa kuwa kimenyimwa maji moto yanayokilisha. Kile cha Hidaya, Mei 2024, kilituogofya pwani yote, kikafika kisiwa cha Mafia huko Tanzania, kikakata pumzi. Katika sayari yangu hakuna Mafia. Kimbunga kikizaliwa, hakuna ufuo wa kukiua. Kwa hiyo nimechora vimbunga vizee, vyenye matumbo, vinavyozunguka bila kuulizwa na mtu. Kwa povu la mawimbi nilikwenda maporomoko ya Fourteen Falls na simu kupiga picha za mfano. Sikupata kitu cha kutumia. Povu la Mto Athi lina historia yake, limepitia Nairobi, limekutana na sabuni za kila namna, na linasimama lenyewe mpaka unaweza kulikata kwa kisu.

Mpwa wangu, anayesoma chuo pale Thika, alisema najitesa bure. "Anko, hii akili unde inamaliza kwa dakika moja." Akaandika kwenye simu: sayari yote ni bahari, hakuna ardhi. Ikatoka bluu ya kung'aa, miezi miwili mikubwa angani, na katikati kisiwa chenye minazi. Akaiambia iondoe kisiwa. Ikaleta visiwa vitatu, kimoja kikiwa na gati. Sijui mashine hiyo ilisomeshwa na nani, lakini naona alikuwa na ploti za kuuza.

Ajabu ni kwamba mtu pekee aliyeiangalia picha yangu kisawasawa ni yule kijana anayetuuzia maji kwa mkokoteni wa punda. Nisieleweke vibaya, hatuna mapenzi naye. Mfereji wetu hutoa upepo, na siku nzuri upepo wenye kutu, hivyo yeye anapandisha bei ya mtungi apendavyo, na ukilalamika anakuelekeza kwa punda. Siku hiyo aliingiza mitungi, akajipangusa jasho, akainama mbele ya kompyuta.

"Haya ni ya chumvi au ni matamu?"

Nikamwambia bahari zote ni za chumvi.

"Kwani kina chake ni kipi?"

Hapo nikafurahi, maana hilo ndilo nililolisoma. Bahari zetu, kwa wastani, hazifiki hata kilomita 4, na shimo refu kuliko yote ni kama kilomita 11. Sayari yenye maji mengi kwelikweli inaweza kuwa na bahari ya mamia ya kilomita. Huko chini kabisa uzito wa maji huyabana yenyewe mpaka yawe barafu, hata kama ni ya moto. Barafu ya moto! Nikasubiri ashangae. Hakushangaa. Alikuna shingo ya punda kupitia mlangoni, akafikiri.

"Sasa kama chini ni barafu, na juu hakuna mito wala mawe, chumvi inatoka wapi?"

Nilikosa la kusema, na si mimi peke yangu. Chumvi ya bahari zetu hutoka kwenye miamba: mvua huilamba, mito huibeba, na nyingine hutoka katika matundu ya moto chini ya bahari. Ukitenganisha maji na mwamba kwa sakafu nene ya barafu, chumvi na madini mengine yatapandaje? Hilo ni swali ambalo wanasayansi wa sayari hizi wanalijadili hadi leo, kwa sababu bila madini uhai nao utakula nini. Yeye alilifikia akiwa amesimama sebuleni kwangu na ndala. Nilipomuuliza amelitoa wapi, akasema, "Nauza maji, mzee. Lazima nijue yametoka wapi." Kisha akaitazama picha tena, akatikisa kichwa: huko angekufa njaa. Akaondoka. Ile mitungi nilitozwa bei mpya.

Nilidhani yameisha. Juzi akaja wakala wa ploti, anataka vipeperushi. Akaiona sayari, akanyamaza, na wakala wa ploti akinyamaza jua kuna jambo. Akasema hiyo ndiyo anayoitaka kwenye bango kubwa pale barabarani, na chini yake iandikwe: Ploti zenye Mandhari ya Maji.

Nikamuuliza ploti ziko wapi. Akasema upande wa Yatta. Nikauliza kama maji yanaonekana kutoka hapo. Akasema yanaonekana, hasa masika, ukisimama juu ya gari.

Akataja bei. Kwa bei hiyo ningemaliza karo na kubadilisha ncha ya kalamu. Ila alitaka marekebisho madogo, hayo aliyaita madogo: nikaushe kona moja ya bahari, niweke nyumba yenye paa jekundu, gari la kifahari, na mama anayecheka na kikapu. Nikakataa kukausha. Nikamwambia kama ni lazima nyumba iwepo, itasimama juu ya nguzo kama zile za nyumba za wavuvi, na namba yake ya simu itakaa mawinguni, kwenye vimbunga, ambako nafasi ipo. Mawingu ameyakubali mara moja. Nguzo ndizo tunazobishania, kwa sababu anasema mteja wa Nairobi akiona nyumba ina miguu anajua kuna mafuriko, na yeye neno mafuriko hataki lisikike karibu na ploti zake.

Amesema atanipigia kesho tumalize. Mama watoto ameshakopa nyama.