Nani Alifunga Hii?

Mtu wa Dar es Salaam huvumilia mengi, lakini joto la Februari lina namna ya kumvunja. Feni huzunguka usiku kucha ikikurudishia joto lilelile. Kwa hiyo mama mkwe alipopiga simu kutoka Lushoto kusema anakuja kutuona, mke wangu alikata shauri: chumba cha wageni kiwekwe kiyoyozi. Mama kazoea baridi ya milimani, hatuwezi kumchemsha.

Kiyoyozi kilikuja na mzigo kutoka Dubai, cha aina ya kujifungia mwenyewe. Paipu zake za shaba zimeshajazwa gesi tangu kiwandani. Wewe kazi yako ni kukaza nati. Shemeji, kaka wa mke wangu, aliposikia kuwa fundi hahitajiki, alifika na drili yake kabla chai haijapoa.

Hapa msomaji unielewe. Shemeji hakosolewi, hasa huyu wangu. Alikaa kwenye mkeka siku ya mahari, na kuna salio ambalo halijatajwa tangu hapo. Sikutaka siku ya kiyoyozi iwe ndiyo siku ya kulitaja. Nikashika ngazi, nikanyamaza.

Ili vumbi lisichafue mashuka ya mama, shemeji alitobolea nje. Alipanda juu zaidi ya alama, akawa anaisukuma drili kwa kuiinamisha chini kuelekea ndani. Tindo na nyundo vikamalizia. Karatasi ya maelekezo inataka tundu la kupitisha paipu mbili, waya na mpira wa maji. Letu lingepitisha jogoo mwenye afya. "Hewa ipite vizuri, shemeji," akaniambia. Nikasema, "Kweli, shemeji."

Zikaja paipu. Zilikuwa ndefu mno kwa ukuta wetu, naye akaomba msumeno wa chuma azipunguze. Mke wangu, ambaye hana deni la mahari, akamnyang'anya: paipu yenye gesi ukiikata, gesi yote inakwenda na upepo. Ziada ikakunjwa nyuma ya mashine ya nje, nayo mashine ikafungwa ikitazama dirisha la jiko la jirani.

Jioni kiyoyozi kikawaka, chumba kikapoa, shemeji akala pilau kama mgeni rasmi. Mama akafika, akabariki, akalala.

Mhandisi Willis Carrier alipobuni kiyoyozi chake cha kwanza mwaka 1902, hakuwa akimhurumia mkwe wa mtu. Kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn kilisumbuliwa na unyevu ulioharibu karatasi, naye akatafuta njia ya kuukamua kutoka hewani. Kazi hiyo kiyoyozi hakijaiacha: hupoza huku kikikamua. Na hewa ya Dar es Salaam ina cha kukamuliwa, lita kadhaa kwa usiku mmoja. Maji hayo hupita kwenye mpira yakatoka nje, mradi tundu limeinama kuelekea nje. La kwetu liliinama kuelekea kwa mama.

Usiku wa manane tukasikia, "Jamani, paa linavuja!" Mke wangu akakimbia na ndoo. Mimi nikabaki ukumbini nikiutazama ukuta, maana mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe aliyejifunga khanga, hata kiyoyozi kigeuke Rufiji. "Mwambie mama abonyeze kitufe cha kuzima!" nikapaza sauti. Mama akabonyeza kingine. Kiyoyozi kikashuka hadi nyuzi 16 na kuendelea kutiririka.

Asubuhi jirani alibisha hodi kuuliza kwa nini tunampulizia joto letu jikoni kwake. Nilimwelewa: kiyoyozi hakiliui joto, hulihamisha tu, nasi tulikuwa tumelihamishia kwake.

Fundi alipokuja, aliangalia ukuta kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo kila fundi huanza nalo: "Nani alifunga hii?" Shemeji akachunguza dari. "Tuliikuta hivyohivyo," nikasema, na boksi jipya la kiyoyozi likiwa palepale mlangoni.

Akachukua pimamaji, akalielekeza tundu upya, akaziba mianya kwa saruji, akaihamisha mashine ya nje. Bei yake ilizidi ile ambayo angetoza kwa kufunga kuanzia mwanzo. Mama akamtazama mpaka alipoondoka, kisha akatoa hukumu: "Mwanangu alikifunga vizuri. Huyu kaja kutubomolea ukuta."

Nawe unayetaka kujaribu, paipu usizikate, na tundu liwe chini kidogo kwa upande wa nje. Kabla mgeni hajalala, mimina kikombe cha maji kwenye kisinia cha kukingia maji ndani ya kiyoyozi uone yanatokea wapi. Kiyoyozi cha kujifungia mwenyewe ni kitu kizuri, mradi huyo mwenyewe awe mtu unayeweza kumwambia kuwa amekosea.