Korosho Tatu: Barua ya Wazi kwa Meneja wa Madai

Ndugu Meneja,

YAH: NOAH ILIYOLALA MTEREMKONI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pongezi. Siku nakata bima kubwa, wakala wenu hapa Masasi alinihudumia kabla chai haijapoa: nikalipa kwa simu, ujumbe ukaingia, nikapewa na kalenda. Kabla ya Sheria ya Bima ya 1996 bima ilikuwa ya Shirika la Taifa peke yake. Soko likafunguliwa, tukapewa uhuru wa kuchagua. Nami nikawachagua ninyi.

Januari, mvua ikinyesha, Noah yangu ya abiria iliteleza kwenye mteremko wa Newala ikalala ubavu. Abiria walitoka salama. Wiki tatu baadaye akaja mtathmini wenu, na viatu vyeupe, maskini. Barabara hakuitazama. Aliinama chini ya kiti cha nyuma, akachokonoa kwa kalamu, akatoa korosho tatu. Za kukaanga, zenye chumvi. Akaziweka kando ya rula, akazipiga picha, akazitia kwenye bahasha. Barua yenu ikafuata: gari la abiria limebeba mazao ya biashara, madai yamekataliwa.

Ndugu yangu, huku kwetu gari lisilo na korosho chini ya kiti ndilo la kuitiwa polisi.

Nadai milioni 18. Nilitaka twende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya 2009, asiyetoza senti na anayesikiliza madai ya hadi milioni 40. Mkasema haki iko mahakamani. Ni kweli, ilikuwako: Mahakama ya Wilaya ikanipa. Mkakata rufaa Mahakama Kuu, Mtwara. Kila tarehe napanda basi alfajiri, Ndanda, Nyangao, Mtama, Mnazi Mmoja, karibu kilomita 200, nifike niambiwe wakili wenu anaumwa. Ameumwa mara tano, nimeshamsomea dua. Akipona huja kwa ndege. Kwa tiketi zake tu, nadhani ningeshapata Noah na tela lake.

Nikashinda tena. Sasa mnajiandaa kwenda Mahakama ya Rufani, na jana mmenitumia ujumbe nihuishe bima ya gari hilohilo, ambalo kuku wangu wanatagia.

Tukionana huko, naomba na vielelezo vyangu. Korosho zilikuwa tatu, mahakamani mlileta mbili. Ya tatu naidai, pamoja na riba.

Wenu mteja mwaminifu,
Masasi