Kilomita 120, Halafu Pikipiki

Wataalamu wanatuhubiria vituo vya usafiri wa pamoja: unashuka treni, unapanda basi, unakodi baiskeli. Sisi tuliwatangulia zamani. Oktoba 2019 reli ya SGR ilifika Suswa, kilomita 120 kutoka Nairobi, kwa takriban shilingi bilioni 150, ikaishiwa pumzi. Nakuru, jiji tangu Desemba 2021, bado inaichungulia kwa mbali.

Ukishuka pale Suswa kwenye vumbi, ndipo ushirika unapoanza: bodaboda moja, abiria watatu, gunia la viazi juu ya tangi. "Sogea mbele, mama, kuna mtu wa Mai Mahiu."

Na mazingira? Watu wanne, injini moja. Ulaya wangeliita hilo sera, wakaliandalia kongamano. Hapa trafiki huliita kosa, halafu hunyoosha mkono.