Meza miguu juu

Nasikia kuna wasanifu wanaopewa tuzo kwa kubuni vibanda vya kuhamishika, ili mji uliobomoka upate uhai tena. Kule Christchurch, New Zealand, baada ya tetemeko la Februari 2011, makontena yaligeuzwa maduka, na mwaka 2013 likafunguliwa hata kanisa la mabomba ya karatasi. Hongera zao.

Sisi wa Kirumba, mashariki mwa Kongo, tunacheka kimoyomoyo. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto hadi katikati ya Goma, ikafunika maduka na kanisa kuu, zaidi ya watu laki moja wakakosa makao. Msanifu wa kwanza kufika? Mama na meza yake, jiwe bado linachoma kandambili. Kisha zikaja nyumba za mbao juu ya lava, za kung'olewa msumari kwa msumari siku mwenye kiwanja akitokea na karatasi zake.

Na lori la kuhamishia? Chukudu: mbao, magurudumu mawili, kipande cha raba ndiyo breki. Juni 2024 vita ilipotufikia hapa, meza zilipita barabarani miguu juu, mzani umefungwa katikati na kuku juu yake.

Zilipopangwa tena, hata nyanya hazijapangwa, huyo hapo mtoza ushuru: kiti kimoja, mwavuli, kijitabu cha jeto, yaani risiti. Ofisi nzima ya umma, imebebwa kwapani! Tuzo ya mwaka huu wampe yeye.